Filamu Isiyo na Wazazi

Mimi ni mtu aliyechoka. Nalisema mapema ili nisiulizwe baadaye kwa nini sauti yangu haina sukari. Siku sita kwa wiki nalinda geti la ghala moja huko Midrand, nje ya Johannesburg, zamu ya usiku, na Jumamosi alasiri, badala ya kulala kama watu wenye akili, nakaa kwenye kiti cha plastiki Doornfontein na maikrofoni mkononi nikiwatafsiria watu filamu.

Ukumbi wetu ni karakana ya Mama Hélène, fundi cherehani wa Lubumbashi. Jumamosi saa nane anafunika cherehani zake nne, anatundika shuka jeupe ukutani, anaziba dirisha kwa blanketi, na watu wanaingia: Wakongo, Warundi, Watanzania wawili watatu. Filamu inakuwa ya Kiingereza, ya Kichina, ya lugha yoyote. Tunaipunguza sauti na mimi nasema kila kitu kwa Kiswahili. Mwanamume akisema nasema, mwanamke akilia nalia, mbwa akibweka nabweka. Miaka tisa sasa.

Kazi hii ina miiko yake, na niliikuta kwetu Kalemie, Kongo, kabla sijavuka mpaka wowote. Kila mwigizaji lazima apewe jina la nyumbani, maana hakuna mtu anayeweza kumwonea huruma mtu ambaye jina lake halitamkiki. Halafu, watazamaji wakiuliza swali, mtafsiri hujibu. Hata kama filamu yenyewe haina jibu, wewe ndiye jirani wa wale watu wa ukutani, wewe ndiye unayejua mambo yao. Mtafsiri anayesema "sijui" arudi akauze nyanya.

Wiki ile tulikuwa tumemzika Adrien, kijana Mrundi aliyepigwa risasi ndani ya spaza yake, kiduka cha mtaani, huko Diepsloot. Tulitoka makaburini na vumbi miguuni, na Mama Hélène akanishika mkono.

"Papa Héri, bantu banachoka na damu. Jumamosi utuletee filme kwenye hakuna muntu anakufa."

Nilimwambia filamu ya namna hiyo haipo. Filamu zangu zote ni za vita, za majambazi, za karate. Mtu asipokufa mpaka dakika ya kumi, watu wangu huanza kupiga soga.

Lakini anayetafuta filamu si mimi, ni binti yangu Héritière. Yeye ndiye anayejua kuzivua huko mtandaoni na ndiye anayekaa kwenye kompyuta siku ya onyesho. Alitimiza miaka kumi na minane mwezi wa nane, na Ijumaa iliyotangulia alikuwa amefanya karatasi yake ya mwisho ya matriki, mtihani wa kumaliza sekondari. Kiswahili anakisikia chote, ila kukisema hataki. Ukimwambia jambo kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, na ukimkasirisha anakujibu kwa Kizulu.

"Ipo," aliniambia kwa Kiingereza chake. "Ya zamani, ya miaka ya sitini. Hakuna anayekufa. Hakuna hata anayeumwa kichwa."

Akatabasamu. Wiki tatu alikuwa hajanitabasamia, na mimi kwa uchovu wangu nikapokea lile tabasamu bila kulikagua.

Kisa cha kununiana kilikuwa Durban. Watoto wa hapa wakimaliza matriki huteremka baharini mwanzoni mwa Desemba, wenyewe kwa wenyewe, wiki nzima ya muziki na mchanga. Wenzake sita walikuwa wamepanga kwenda. Shangazi ya mmoja wao ana fleti huko, kwa hiyo pa kulala palikuwepo. Kilichobaki ni baba Mkongo kusema ndiyo, na baba Mkongo alisema hapana. Nilimwambia pwani ni mahali pa ovyo. Nilimwambia kuhusu pombe, kuhusu wavulana, kuhusu mawimbi yanayomeza hata wanaojua kuogelea. Nilitoa mpaka Biblia.

Yote hayo hayakuwa sababu. Sababu ilikuwa karatasi.

Sisi tunaishi nchi hii kwa karatasi ya ukimbizi, na kila muda wake ukikaribia kwisha unaomba uongezewe. Tangu azaliwe, Héritière alikuwa chini ya karatasi yangu, jina lake likifuata langu. Mwezi wa nane nilijaza maombi kwa simu nikiwa getini, macho yakinifunga, nikamwandika chini yangu kama siku zote. Majibu yakaja kwa barua pepe, na mimi barua pepe huwa sizifungui mpaka nisukumwe. Yangu ilikuwa imekubaliwa. Yake ilirudishwa: huyu si mtoto tena, afungue faili lake mwenyewe ndani ya siku thelathini. Niliisoma siku ya hamsini. Binti yangu, aliyezaliwa papa hapa Johannesburg, anayeimba wimbo wa taifa kwa lugha zake zote tano bila kukosea, alikuwa hana karatasi, na aliyemkosesha ni mimi.

Barabara ya Durban mwezi wa Desemba ina vizuizi vya polisi. Wanapanda ndani ya basi, wanaomba vitambulisho. Héritière akifungua mdomo ni mtoto wa Joburg kabisa, lakini jina lake likisomwa tu, mambo yanabadilika.

Sikumwambia. Hata mama yake sikumwambia. Orpha anafanya kazi ya ndani kwenye nyumba za matajiri na anarudi kwetu Jumapili moja kwa mwezi, amechoka kuliko mimi, nami sikutaka hiyo Jumapili moja iharibike. Basi nikachagua kuwa baba mkali. Baba mkali anaheshimika hata akichukiwa. Baba mzembe nani atamheshimu?

Kwa kawaida filamu huwa naitazama kwanza peke yangu, kwenye simu, usiku wa kazi. Wiki ile mwenzangu getini aliugua na nikafanya zamu mbili mbili. Jumamosi nilifika kwa Mama Hélène sijaona hata picha moja. Nikajisemea, filamu ambayo hakuna anayekufa itanishinda wapi?

Ilianza na gari jekundu lisilo na paa, limejaa vijana wanaoimba. Wavulana wamevaa kaptula za maua, wasichana wana nywele zilizoinuka kama mikate. Juu ya gari wamefunga mbao ndefu.

"Ile ni milango?" akauliza Mama Hélène. "Banapeleka milango wapi?"

"Ni mbao za kuteleza juu ya mawimbi, Mama."

"Juu ya nini banateleza?"

"Juu ya raha tu."

Akafikiri. "Raha tu?"

"Raha tu, Mama."

Watu ishirini waliokuwa wamesimama makaburini siku tatu nyuma wakatazama mbao zile zikishushwa garini, na mimi nikaanza kazi. Kijana mrefu mwenye ubao mwekundu nikamwita Arnaud. Msichana mwenye nywele za dhahabu, anayempenda Arnaud wakati Arnaud anapenda mawimbi, nikamwita Joséline. Kulikuwa na genge la wapanda pikipiki waliovaa ngozi, nikajiandaa kwa visu, lakini wale nao waliteleza kwenye mchanga wakaangukia keki. Ndiyo ulikuwa ukatili wote.

Epiphanie, Mrundi anayesuka nywele ghorofa ya chini, hakuona kitu kingine isipokuwa vichwa. "Mana yanje," alisema, akimwita Mungu kwa Kirundi, "hapo kuna kopo mbili za spray. Na upepo wa bahari haujagusa hata unywele mmoja. Papa Héri, waulize wanatumia gani."

"Wanasema ni siri ya duka," nikajibu, na watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu mazishi. Nilifurahi, sikatai.

Wakaimba. Wakacheza twisti. Wakakimbia kuingia majini, wakatoka, wakacheza tena. Kulikuwa na nyumba moja ya mbao pwani palepale, wavulana chumba hiki, wasichana chumba kile. Nassir, Mtanga anayeuza makava ya simu, akaanza kuhangaika kwenye kiti. Nassir ni mtu wa maswali. Hata kwenye vita huuliza nani analipa mishahara ya wanajeshi.

"Hawa vijana wana kazi gani, Bwana?"

"Hawana. Wamemaliza shule."

"Nani anawapikia?"

"Wanakula soseji."

"Jamani, soseji siku zote hizo?"

Ndipo Mama Hélène akauliza swali lililoniharibia siku. Aliuliza taratibu tu, akiwa ameegemea cherehani yake.

"Bazazi babo beko wapi?"

Watu wote wakanigeukia. Nami nikageukia ukuta, maana kwa kweli sikuwa nimewaza hilo. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita na hapakuwa na mama, hapakuwa na baba, hapakuwa na shangazi wala mjomba. Katika filamu zangu mzazi hakosekani. Hata akiuawa mwanzoni, anauawa ili mtoto apate kisasi cha kulipa. Hawa walikuwa wameota mchangani kama uyoga.

Héritière alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwangu, nyuma ya kompyuta. Akaniinamia, akaniambia kwa Kiingereza, polepole, kama mtu aliyekuwa akiingojea dakika hiyo:

"Hakuna wazazi, Papa. Mpaka mwisho. Nimeitazama mara tatu. Wako baharini peke yao wiki nzima na hakuna baya hata moja linalotokea. Waambie. Si ndiyo kazi yako?"

Nikaelewa lile tabasamu. Mtoto huyu alikuwa amenitegea kwa kamba yangu mwenyewe. Kila nilichomkataza alikuwa amekileta hapa, kwenye shuka la Mama Hélène, nikiseme kwa mdomo wangu mbele ya watu: vijana wako pwani, wanacheza, wako salama. Nilihisi hasira, na chini ya hasira, kusema kweli, nilimwonea fahari. Lakini sikuwa tayari kushindwa na soseji na gitaa.

"Wazazi wapo," nikasema kwenye maikrofoni. "Baba yake Joséline ni mlinzi. Analinda ghala. Hamumuoni kwa sababu yuko kazini."

"Aah," wakasema watu, wakatulia kwenye viti. Hiyo iliwaingia. Nusu ya waume zao walikuwa hawaonekani kwa sababu hiyohiyo.

"Na amemruhusu?" akauliza Nassir.

"Hajamruhusu. Binti ametoroka."

Nilimsikia Héritière akivuta pumzi. Ukutani Joséline alikuwa anapaka mafuta miguuni huku anapiga mluzi.

Tangu hapo nilimsukuma baba yule ndani ya filamu kila palipokuwa na nafasi. Joséline akitazama bahari, kwa sababu Arnaud amekwenda na ubao wake, mimi nilisema anamuwaza baba yake. Arnaud akipiga gitaa, nilisema ni wimbo wa kumsihi arudi nyumbani. Pakaja mahali Joséline anazungumza na shoga yake kwa simu nyeupe yenye waya, amelala chali kitandani, miguu juu. Nikasema anaongea na baba yake.

"Mbona anacheka?" akauliza Epiphanie.

"Anaficha uchungu."

Mama mmoja nyuma alipenga kamasi. Nilikuwa nimeirudisha filamu mikononi mwangu, nikadhani nimeshinda.

Kumbe nilikuwa nimewapa watu kesi, na Wakongo, Warundi na Watanzania ukiwapa kesi hawaiachi ilale. Wakaacha kutazama twisti wakaanza kumhukumu baba.

"Baba ana haki," alisema Nassir. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

"Lakini huyu mtoto ameshalelewa," akasema Epiphanie. "Kamaliza shule. Anakunywa soda. Kijana mwenyewe hata kumshika hajui, anashika ubao. Huyo baba anaogopa nini?"

"Pombe," nikasema.

"Iko wapi?"

Tukatazama wote. Chupa zote zilikuwa za soda ya machungwa.

"Wavulana."

"Beko mu chumba yabo," akasema Mama Hélène. "Tumeona mulango."

"Mawimbi."

"Wanateleza juu yake toka saa nane, hata mmoja hajalowa nywele," akasema Epiphanie, na watu wakaangua kicheko. "Papa Héri, huyu baba hana sababu. Ni roho mbaya tu. Kuna wababa wa hivyo, mtoto akicheka wanaumwa tumbo."

"Ni kweli," wakaitikia nyuma. "Roho mbaya."

Niliwahi kutukanwa na madereva wa malori, na walevi, na mabosi wa rangi zote, na sikuwahi kuumia kama nilivyoumia kwa baba yule ambaye hakuwepo. Nilitaka kumtetea. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa amekunja mikono, anatazama ukuta, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia wengine wakisema alichokisema yeye siku zote. Hakuwa na furaha ya kushinda. Alikuwa anaamini tu, kabisa, kwamba baba yake ana roho mbaya.

Uongo nao ni zamu. Unaweza kuikesha siku nyingi, lakini inafika saa unataka mtu aje akupokee.

"Si roho mbaya," nikasema. Sikuwa hata nimepanga. "Baba yake Joséline ameharibu karatasi ya mtoto."

Vichwa vyote vikarudi kwangu.

"Wale ni wageni katika nchi ile," nikaendelea. "Hamkujua? Joséline alikuwa kwenye karatasi ya baba yake. Alipotimiza kumi na minane alitakiwa afunguliwe faili lake mwenyewe. Baba alijaza fomu kazini, usingizi umemshika, akamwandika kama mtoto. Ofisi ikairudisha. Ikampa siku thelathini. Baba hakusoma. Alipokuja kusoma, siku zilikuwa zimepita. Sasa yeye baba ana karatasi na binti hana. Na kwenye njia ya kwenda baharini kuna polisi wanaopanda mabasi. Ndiyo sababu. Akaona aibu kusema, akasema pwani ni mahali pa ovyo."

Nassir aliweka mkono kwenye mfuko wa shati lake, pale anapoweka karatasi yake ndani ya plastiki, akauacha hapohapo. Ukutani vijana walikuwa wameshikana mikono wanakimbilia majini, Joséline mbele yao, mdomo wazi.

Halafu picha ikasimama. Héritière alikuwa amebonyeza. Joséline akabaki hewani, mguu mmoja juu, maji hayajamfikia.

"Huyo papa alijua lini?"

Kiswahili. Watu hawakushtuka kwa sababu wengi hawakujua kwamba huwa hakisemi. Mimi nilishtuka.

"Mwezi wa kumi," nikasema. Maikrofoni ilikuwa bado mdomoni na sauti yangu ilitoka kwenye spika, kubwa, kama ya mtu mwingine. Nikaizima.

"Mwezi wa kumi yote. Na mwezi wa kumi na moja." Alikuwa anahesabu kwa vidole. "Na yeye alikuwa anaenda shule kila siku? Anapita town? Anapanda teksi?"

"Ndiyo."

"Kila siku, na hakuna mtu alimwambia."

"Hakuna."

"Papa, polisi wanasimamaka pale kona ya robot, kwenye taa za barabara. Kila asubuhi." Maneno yakawa yanakuja moja moja, mengine ya mama yake, mengine yangu. "Mimi nilikuwa nawasalimia. Nilikuwa nasema sharp kwao. Mmoja anajua jina yangu. Nilikuwa najiona mimi si kama nyinyi. Eish, Papa. Ungenisema tu. Ningepita njia ingine."

Basi nikaona jambo ambalo wiki zote zile sikuwa nimeliona, nikiwa nimeshughulika na Durban. Mimi nilikuwa nimezuia barabara moja, ya mbali, na zile za kila siku nilimwacha azipite kifua mbele, ili nisije nikaonekana mzembe. Nilikuwa nimeilinda aibu yangu kuliko nilivyomlinda mtoto, na ulinzi ndiyo kazi yangu.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema.

"Bado, Papa."

Mama Hélène alisimama, akaketi tena. Epiphanie alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Wale wa nyuma walioitikia "roho mbaya" hawakujua sasa watazame wapi.

Héritière alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Endelea," akaniambia. "Watu wanangoja." Akabonyeza, na Joséline akaangukia majini na wenzake wote.

Zilibaki dakika kumi. Hazikuwa na maneno, ni ngoma tu: gitaa, mchanga, miguu mingi, jua halizami. Palikuwa hapana cha kutafsiri, nami nilikaa na maikrofoni iliyozimwa mapajani. Watu walitazama mpaka majina yakapita yote, hata yale ya washona nguo, halafu wakasimama bila kupiga makofi, wakatoka mmoja mmoja. Kila aliyepita aligusa bega la Héritière. Nassir alimwambia kuna Msomali mmoja anayejua kuandika barua za kuomba kufungua faili upya, kwamba zinakubaliwa, zinachukua muda lakini zinakubaliwa. Alimwandikia namba kwenye kiganja.

Nilikuwa nakunja shuka, yeye anakunja waya, simu yake ilipolia. Ilikuwa Boitumelo, mmoja wa wale sita. Aliiweka kwenye spika, akaendelea kukunja waya.

"Siendi," alisema kwa Kiingereza, kwa sauti changamfu ajabu. "Ni baba yangu tu, rafiki! Unawajua wababa wa Kikongo. Anasema pwani ni mahali pa ovyo. Ametoa mpaka Biblia."

Boitumelo akacheka, yeye akacheka. Walimcheka baba mkali wa Kikongo muda mrefu. Nilisimama na shuka mikononi nikamsikiliza binti yangu akidanganya vizuri, bila kukwama, kwa uongo wangu mwenyewe, neno kwa neno, na hakuna siku niliyojichukia kama ile.

Alipokata simu, uchangamfu wote ulimtoka. Akanigeukia, na akarudi kwenye Kiswahili, kwa sababu dirisha lilikuwa limeshafunguliwa na watu wasiojua Kiswahili walikuwa wanapita chini barabarani.

"Jumatatu tunaenda ofisi saa ngapi?"

"Tutoke saa kumi na moja alfajiri. Foleni ni ndefu."

"Yunifomu yangu ya shule, umwambie Mama asimpe mtu."

"Ya nini? Si umemaliza?"

"Shule zingine hazijafunga," akasema. "Polisi hawasimamishi mtoto wa shule."

Jumatatu alitoka chumbani amevaa sketi ya kijivu na soksi ndefu, nywele amezigawa katikati na kuzifunga mafundo mawili, kama alivyokuwa akisukwa na mama yake alipokuwa darasa la tano. Akanishika mkono, tukavuka barabara.